Usiku wa Kijiti

"Kama hujafanya kitu, unaogopa nini?"

Maneno si yangu. Ni ya binti yangu, yule wa maswali, juzi usiku akimhoji mdogo wake juu ya rimoti iliyopotea. Mdogo mtu ameinama, anafuta machozi kwa mkono wa shati, hajibu. Rimoti ikaonekana kwenye kochi, nyuma ya mto, mahali ambapo hakuna aliyeiweka kwa kusudi, na wote wawili wakarudi kwenye katuni zao. Mimi nikabaki nimeshika sahani niliyokuwa naikausha. Niliwahi kuulizwa hivyo hivyo, nikiwa na umri wa huyo anayelia, mbele ya darasa zima.

Kilichokuwa kimeibwa ni kichongeo cha penseli. Msikicheke. Kilikuwa tufe la dunia, kinazunguka kwenye mhimili wake, bahari za buluu na mabara ya rangi rangi, na tundu la kuchongea liko chini kabisa. Mwenye nacho alituazima kwa foleni. Zamu yangu ikifika nilikuwa nachonga taratibu kuliko penseli ilivyohitaji, huku nikisukuma bahari kwa kidole. Nilikitaka. Nilikitaka hadi nikawa nimeshakipangia mahali pa kukaa nyumbani, kwenye rafu, karibu na taa, ili usiku kivuli chake kiangukie ukutani.

Asubuhi moja hakipo. Madawati yakapekuliwa, mabegi yakapinduliwa, hakikuonekana. Ndipo mwalimu wa darasa, mtu mpole na mpenda hadithi, alipotoka nje akarudi na fungu la vijiti vibichi alivyovikata sawasawa kwa rula. Akatugawia kila mmoja chake. Vijiti hivi, akasema, mkalale navyo. Cha yule aliyechukua kitarefuka usiku kwa upana wa kidole. Kesho tutaviona.

Ninyi watu wazima hila hii mnaijua. Kila anayeisimulia husema ilitokea kwao. Mwizi anaingiwa na hofu, anakata kijiti chake usiku, asubuhi chake ndicho kifupi, mwenye hekima anatabasamu. Darasa letu huenda baadhi walikuwa wameshaisikia. Mimi sikuwa nimeisikia.

Miaka yote ya shule ile imechanganyikana kichwani mwangu, lakini usiku ule ninao mzima. Nilianza kulala na kijiti mkononi, nikaona hapana, nikakitia chini ya mto. Jioni nilikuwa nimekipima: kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, hakizidi wala hakipungui. Dada akazima taa. Nikasikia pumzi zake zikibadilika, nyumba ikatulia, nami nikaanza kufikiri.

Sikuwa nimeiba. Hilo sikulitilia shaka hata kidogo. Lakini kijiti kinajuaje? Hakikuwepo darasani siku ile, kilikuwa bado mtini. Kama kinajua, basi kinajua kwa kumwingia mtu moyoni, na kikiingia kwangu kitakikuta kichongeo kimekaa mumo humo, kwenye rafu, karibu na taa, kinazunguka. Je, kijiti kinatofautisha aliyetaka na aliyechukua? Mwalimu hakulisema hilo, nami sikuwa nimeuliza.

Nikakitoa nikakipima gizani. Kilikuwa kimepita kidole. Kidogo tu, ila kimepita. Nikanyoosha vidole kwa nguvu, kikarudi sawa. Nikalegeza, kikapita tena. Nikajaribu mkono wa kushoto, nao ukanipa jibu lake tofauti. Nikaenda dirishani palipokuwa na mwanga kidogo, nikaona ncha moja imepauka kuliko nyingine, nikajiambia, basi, huku ndiko kinakoota. Nilitamani kumwamsha dada. Nikaona nikimwamsha ataniuliza lile lile atakaloniuliza mwalimu kesho, naye hana upole wa mwalimu. Nikakaa kitandani, kijiti magotini, tunatazamana.

Hatimaye nilikitafuna. Kisu kilikuwa jikoni, na kunyatia jikoni gizani niliona ndiyo mwenendo wa wezi. Nikaiuma ncha iliyopauka kwa meno ya pembeni, polepole dada asisikie, nikitema vipande kiganjani, mpaka ukatoka upana wa kidole, si zaidi, maana sikutaka kudanganya. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kikishamaliza kurefuka kitakuwa sawa na vya wenzangu. Kilikuwa kichungu. Ladha yake naweza kuitambua hata leo. Nikakipima mara ya mwisho, nikaridhika, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi zake zote.

Asubuhi sina haja ya kuirefusha. Vijiti vikapangwa kwenye rula kimoja kimoja, changu kikawa kifupi, tena na alama za meno. Mwalimu hakufoka wala hakushika fimbo. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ndogo nilikokificha. Nikasema sijachukua. Mbona umekikata? Nikasema niliogopa kitarefuka. Darasa likacheka. Mwalimu akanyooka, na hapo ndipo niliposikia: kama hujafanya kitu, ulikuwa unaogopa nini?

Jibu lilikuwepo ila lilichelewa kufika, lilichelewa miaka. Nilikata kwa sababu nilikuamini, mwalimu.

Mama akaitwa. Nyumbani aliniuliza swali moja tu: "Umekichukua?" Nikasema, "Hapana, mama." Akataka kujua habari ya kijiti, nikamweleza yote, pamoja na mkono wa kushoto. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakasirika, na sikuelewa anamkasirikia nani. Siku chache baadaye akanunua kichongeo kingine, tufe lile lile, akampelekea mwenyewe. Alisema ni ili yaishe. Yakaisha. Lakini wenzangu waliona mama amelipa, na kwao anayelipa ndiye anayedaiwa. Muhula mzima uliobaki, mtu akiweka kalamu mezani karibu yangu alikuwa akiifunika kwa kiganja.

Nilikuja kukifanya kisa hiki kuwa kichekesho. Mnaonifahamu mmeshakisikia, kwa mbwembwe zote, na mimi ndiye zuzu wa hadithi. Siku hizi sina hakika kama zuzu alikuwa mimi. Wanasaikolojia wamenisaidia kidogo hapo. Jean Piaget, Mswisi, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, aliwasimulia watoto habari ya mtoto aliyeiba, akakimbia, akapita juu ya daraja bovu, daraja likavunjika akaanguka majini. Akawauliza: asingeiba, angeanguka? Wadogo wengi walijibu hapana, asingeanguka. Ubovu wa mbao hawakuujali. Daraja lilikuwa linajua. Kadiri watoto walivyokuwa wakubwa ndivyo waliojibu hivyo walivyopungua. Kwa hiyo nilikuwa na kundi langu, ila darasani mle sikulijua.

Aliyenikosesha raha zaidi ni Saul Kassin, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1996 yeye na Katherine Kiechel waliwaketisha wanafunzi wa chuo mbele ya kompyuta, wakawaambia wachape herufi wanazosomewa na wasiguse kitufe cha ALT, maana mashine itazimika. Mashine ikazimika kwa mpango wa watafiti wenyewe, na mwanafunzi akalaumiwa kuwa amegusa. Hakuna aliyegusa. Asilimia 69 walitia sahihi karatasi ya kukiri. Asilimia 28 walifika kuamini kwamba kweli waligusa, na asilimia 9 walikuwa tayari na maelezo ya jinsi ilivyotokea. Hao ni watu wazima, mchana, taa zinawaka. Nilipofika kwenye ile asilimia 9 niliiona ncha yangu iliyopauka, "huku ndiko kinakoota".

Na kuna jingine lake, la mwaka 2004. Watu waliojaribiwa waligawanywa: wengine wakachukua fedha kwenye droo kwa maagizo ya watafiti, wengine wakaifungua droo tu. Kisha wote wakaulizwa kama wako tayari kuiacha haki yao ya kukaa kimya, wakubali kuhojiwa. Waliochukua, asilimia 36 walikubali. Wasiochukua, asilimia 81. Wengi wao walieleza kwamba hawajafanya kosa, wafiche nini? Hawakuogopa, na kutoogopa ndiko kulikowaingiza kwenye chumba cha mahojiano. Mimi niliogopa, nikaingia chumba hicho hicho kwa mlango mwingine. Ukiniuliza mtu asiye na hatia aogope au asiogope, sijui nikuambie nini.

Ninachokiona wazi ni hiki tu: kijiti cha mwalimu kilikuwa kinapima kuamini. Wizi hakikuwa na namna ya kuupima. Aliyechukua kichongeo, kama alijua miti iliyokatwa hairefuki, alilala usingizi wake na asubuhi akawasilisha kijiti kizima. Hila ile inahitaji mwizi mwepesi wa kuamini na darasa zima la wasio na hatia ambao hawawazi chochote usiku. Wapi pana darasa la namna hiyo? Mwalimu mwenyewe alikuwa amesikia mahali hadithi inayofanikiwa kila inaposimuliwa, akaichukua ilivyo, akaileta kwa watoto wa kweli. Kati yangu na yeye, sijui nani aliamini zaidi. Simlaumu. Alikuwa na nia njema, na alihuzunika kweli siku ile, nilimwona.

Mwaka jana nilikutana na jirani yangu wa dawati. Ana watoto wakubwa kuliko wangu sasa, na ndevu zimeanza mvi. Tukafika kwenye habari ya vijiti, maana huwa tunafika, nikasimulia kwa mbwembwe zangu, na yeye badala ya kucheka akanishika bega.

"Hata mimi nilikikata," akasema.

Nikadhani anatania. Akasema alikikata kwa wembe, vizuri, bila kutafuna ("wewe ulikuwa mnyama"), na asubuhi alipofika akaona vya wenzake viko vilevile. Akazunguka nyuma ya darasa, akakata kijiti kingine kwenye mti ule ule, akakipima kwa cha mwenzake, akaingia.

"Kumbe ulichukua wewe!"

"Hapana, bwana. Niliogopa tu, kama wewe."

Nikamwamini palepale. Ningefanyaje? Ushahidi dhidi yake ndio ule ule uliokuwa dhidi yangu, na nikiukubali kwake inabidi niukubali kwangu. Tukacheka, tukahesabu kwa kubahatisha ni wangapi wengine darasani walikesha na visu na meno, tukamwonea huruma mwalimu.

Kisha, katika kukumbushana, akasema jambo dogo: kichongeo kile kilikuwa na taabu, ukitaka kumwaga takataka lazima ukibane kwa magoti ndipo kifunguke katikati. Mimi nilikuwa sijui kama kilifunguka. Mwenyewe hakuturuhusu kukifungua. Alikuwa akikimwaga nyumbani kwao. Lakini huenda aliwahi kushindwa siku moja akaomba msaada wa mtu mwenye nguvu, na jirani yangu alikuwa na nguvu. Sikumuuliza. Nimeamua kumwamini.

Nilipomsimulia mama uamuzi huo, alishika ukuta tena.