Kiganja changu na Fleet Walker

Jana jioni mwanangu alinirushia mpira wa besiboli nikaudaka mikono mitupu. Mara moja tu. Kiganja kiliwaka moto, na mpaka naandika hapa kidole gumba kimevimba, kikombe cha chai nakishika kwa mkono wa kushoto.

Usiku sikulala, nikawa namuwaza Moses Fleetwood Walker. Mwaka 1884 huyu kijana mweusi alikuwa mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji wa timu yake, wa timu ya besiboli ya Toledo, kule Ohio, Marekani, ligi kuu kabisa. Enzi hizo wadakaji hawakuwa na glovu za maana. Na jamani, mrushaji wake mwenyewe, Tony Mullane, alikuja kukiri kwamba alikuwa hafuati ishara za Walker, zile za mdakaji kumwonyesha mrushaji arushe mpira gani, kwa sababu ya rangi ya Walker, anarusha anavyotaka. Hebu fikiria: mpira unakujia kwa kasi, hujui unapinda wapi! Mullane huyohuyo alisema hajawahi kupata mdakaji bora kuliko Walker.

Mechi 42, basi. Akaumia, akaachwa msimu haujaisha. Ligi kuu hazikuona tena mchezaji mweusi anayejulikana hivyo waziwazi hadi Jackie Robinson, 1947.

Mechi 42. Inaniuma kweli.