Na Chungu Kichwani, Kutoka Fumba

Chungu nilikinunua soko la Mwanakwerekwe, kidogo tu, cha mchuzi wa watu wawili. Abiria wenzangu kwenye daladala la Fumba walikitupia jicho. Vyombo hutoka shamba kwenda mjini. Mimi nakipeleka shamba!

Nilitaka kuionja njia ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akarithi ufinyanzi wa mama yake, na bidhaa yake aliitembeza kwa miguu hadi mjini Unguja, karibu kilomita 20.

Nilishuka jua halijachachamaa. Bibi aliyekuwa akianika dagaa aliitikia shikamoo yangu, kisha akanitazama utosini.

“Wapi na chungu, mwanangu?”

“Mjini, bibi. Kwa miguu.”

“Kwani gari zimekwisha?”

Kufika Bweleo shingo ilishaniuma, na ngata niliyoisokota kwa kanga ilikuwa imelegea. Nikajaribu kunadi: “Vyungu! Vyungu hivi!” Sauti ilinifia mdomoni. Mtoto mmoja alichungulia mlangoni, akacheka, akarudi ndani. Hapo ndipo nilipoona kazi ilivyo. Mzigo ukiwa kichwani huwezi kuinama wala kugeuka. Shingo inyooke, pumzi itoke kifuani, na ukelele upite ua hadi jikoni, la sivyo hujauza. Inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti ya Siti kabla hawajamwona mwenyewe. Alihamia mjini mwaka 1911, na Muhsin Ali ndiye aliyemfundisha uimbaji. Mwalimu astahili sifa zake, lakini mimi nasema alimpokea mwanafunzi ambaye barabara hii ilishamfunda.

Chini ya mwembe wa Dimani nikachomeka visikilizio. Kwanza mkwaruzo wa santuri, kisha udi na fidla, kisha yeye: sauti ya juu, imebanwa puani kidogo, haiombi ruhusa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi, na taarabu, ambayo kwenye kasri la Sultani ilizoea Kiarabu, ikaingia kwenye santuri kwa Kiswahili. Mjini waliomhusudu walimkejeli kwamba alikuja na kaniki, na lau si sauti angekula nini. Kejeli gani hiyo! Nimeisikiliza tena na tena, naona ni sifa tupu.

Kombeni kiatu kikanishinda. Nikapunga mkono, daladala likasimama.

“Chungu kina siti yake?” konda akauliza.

Nikakipakata.