Jina Lako Kamili na Tarehe ya Kuzaliwa

Mzee alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mito miwili, nywele nyeupe pe, viganja vimetulia juu ya shuka. Nilijua fika kwamba haumwi. Alikuwa mwigizaji aliyelipwa aumwe kifua tangu asubuhi hadi jioni, na pembeni ya pazia alikaa mtahini na karatasi yake ya kutia alama. Lakini mimi niliona mtu mzima wa rika la baba yangu, na papo hapo ulimi ukawa mzito.

Ilikuwa Februari 2023, wiki ya kumi na moja tangu nitue Uingereza. Hesabu ya wiki nilikuwa nayo kichwani kama mwenye mimba, kwa sababu viza yangu ilikuwa na masharti: mtihani uufanye mara ya kwanza ndani ya wiki 12, na uwe umeshafaulu kabla ya miezi minane kwisha. Mtihani wenyewe ni OSCE, wa vitendo kwa wauguzi waliosomea nje wanaotaka kusajiliwa Uingereza, sisi tunautamka "oski". Una vituo kumi. Vinne vinafuatana kwa mgonjwa mmoja: unampima, unapanga uuguzi wake, unatekeleza, kisha unamkabidhi kwa mwenzako. Vinne vingine ni vya kazi ya mikono, na viwili ni vya kuandika kimya. Ada ya kuufanya wote ilikuwa pauni 794.

Kutekeleza maana yake ni kugawa dawa, na pale ndipo nilipokuwa. Nilinawa mikono. Nikasalimu, nikajitambulisha. Nikainama nikasoma mkanda kwenye kifundo cha mkono wa mzee: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hospitali. Vyote vililingana na chati. Juu ya chati niliona imeandikwa kwamba ana mzio wa penisilini, na chini, katikati ya dawa nyingine, palikuwa na amoksilini, ambayo nayo ni aina ya penisilini. Nikaiacha na sababu nikaiandika. Zilizobaki nikazihakiki moja moja, dozi na saa, nikazitia kwenye kikombe kidogo, nikampa na maji, nikasubiri ameze. Nilitoka pale nikimshukuru Mungu kwamba mtego nimeuona.

Siku nne baadaye barua pepe ikaja. Nimefaulu vituo tisa, nimeanguka kimoja, na ni hicho. Sikumwuliza mgonjwa ataje jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Sikumwuliza kwa mdomo kama kuna dawa inayomdhuru. Kusoma mkanda kimyakimya hakutoshi.

Nililia kwa hasira. Miaka tisa nimeuguza Kilifi, pwani ya Kenya, nimezalisha kwa mwanga wa simu umeme ulipokatika, nimetafuta mishipa kwenye mikono ya watoto waliokauka kwa kuharisha, halafu naangushwa kwa kutouliza jina ambalo nimelisoma kwa macho yangu!

Na njia ya kufika hapo haikuwa fupi. Mwaka 2021 taifa zima lilisikia kwamba kati ya wauguzi 300 waliopangiwa kwenda Uingereza, waliopita Kiingereza ni 10 tu. Kwenye matatu watu walitucheka mbele yetu. Mimi nilikuwa nasoma usiku baada ya zamu, maana IELTS, mtihani wenyewe wa Kiingereza, ilitaka 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Nilipoipata, nikapanda treni Mombasa hadi Nairobi kufanya mtihani wa uuguzi kwenye kompyuta, hesabu za dawa kwanza, kisha maswali 100 ya uuguzi. Nikarudi tena Nairobi kufuatilia barua ya Baraza la Wauguzi ya kuthibitisha kwamba nimesajiliwa na sina kesi, na tena kuhusu cheti cha tabia njema. Kila safari niliomba zamu kwa mwenzangu na kumlipa kwa zamu zangu mbili. Yote hayo niliyavuka. Nikaja kukwama kwa mzee mmoja na swali moja.

Wenzangu wa nyumba, mmoja Mfilipino na mwingine kutoka Kerala, India, walishangaa. Tulikuwa tumefanya mazoezi pamoja wiki nane, jioni kwa jioni, mgonjwa wetu akiwa mto tuliouvika fulana na kuufunga mkanda wa karatasi. Kwenye mto niliuliza kila mara. "Jina lako kamili? Tarehe ya kuzaliwa?" Sikukosa hata siku moja. Lakini mto hauna umri.

Kwetu mtu mzima humwulizi jina lake usoni. Unamwamkia, shikamoo, anaitikia marahaba, kisha unamwita baba, mama, nyanya, na jina unalitafuta kwenye faili au kwa mjukuu aliyemleta. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo kabisa. Wangapi wazee wetu wanaijua? Kwenye kitambulisho mahali pa siku na mwezi pameandikwa sufuri, umebaki mwaka peke yake, na huo mwaka nao alikadiria karani. Ukimwuliza mbele ya wodi nzima unamvua nguo. Nimemwona bibi mmoja akiangalia chini kama mtoto wa shule, akasema, "Mwanangu, mimi nilizaliwa wakati wa njaa," na sista aliyemwuliza akaandika alichotaka. Tangu siku hiyo mimi sikuuliza tena. Niliona ni heshima. Na ilikuwa heshima, hilo sitalikana.

Ila usiku ule wa barua pepe, hasira ilipopungua, kuna jambo lilinirudia ambalo sikuwahi kumsimulia mtu.

Kilifi majina yanarithiwa. Mtoto anapewa jina la babu au nyanya, na ukoo ukishakuwa mkubwa unapata akina Kadzo, Sidi, Kazungu na Charo kila nyumba. Usiku mmoja kwenye wodi ya wanawake nilikuwa peke yangu na vitanda vimejaa, vingine vimelaliwa wawiliwawili. Wanawake wawili wenye jina moja, la kwanza na la pili, walilala vitanda vinavyopakana. Mmoja alikuwa na maambukizo na ameandikiwa jentamaisini. Mwingine figo zake zilikuwa zinachoka, na jentamaisini ni dawa inayoumiza figo. Mikanda ya mkononi tulikuwa nayo ya watoto wachanga tu.

Nilikwenda na sindano imeshavutwa. Nikaita jina taratibu, nisiwaamshe wengine. Akaamka mmoja, akaitika "naam", akaninyoshea mkono wenye kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Nilishaishika, nimefungua kifuniko chake. Chini ya kitanda, kwenye mkeka, kulikuwa na binti yake. Akainua kichwa, akauliza kwa sauti ya usingizi, "Sista, hiyo ni ya nini? Mama si aliambiwa ni figo?"

Nilirudisha kifuniko. Nikasema, "Samahani, nilikuwa naangalia kanula tu." Nikahamia kitanda cha pili. Yule mama alinishukuru akarudi kulala. Aliitika kwa sababu lilikuwa jina lake, na mimi nilimwita mama badala ya kumwuliza yeye ni mama yupi. Kwenye faili sikuandika kitu, wala asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu sikusema. Nilikuwa na hofu, na tulikuwa wachache mno hata nikajiambia kwamba kusema kutamwadhibu nani zaidi yangu.

Sasa nilikaa kitandani kwenye chumba cha baridi, simu mkononi, nikajua kwamba yule mtahini ameniuliza kitu ambacho binti wa mkekani alishaniuliza miaka kadhaa nyuma.

Kurudia kituo kimoja kuligharimu pauni 397, na hizo zilitoka mfukoni mwangu. Bila pini, yaani namba ya usajili, wewe huku si muuguzi, unalipwa daraja la chini, unatandika vitanda na kupima presha chini ya macho ya watu wadogo kwako. Nililipa. Kisha nikafanya mazoezi, ila si na mto.

Nilimpigia mama kwa video. Nikamweleza, nikamwambia, "Mama, wewe ni mgonjwa wangu. Nataka nikuulize jina lako." Akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. "Jina langu hulijui?" Nikashindwa kuuliza. Nikarudia, nikashindwa tena, nacheka huku machozi yananitoka. Mara ya tatu akaacha kucheka, akaiweka simu vizuri juu ya sufuria, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Uliza, mwanangu. Usiniogope."

"Naomba uniambie jina lako kamili, mama, nihakikishe dawa ni yako."

Akalitaja, majina matatu, lile la katikati sikuwa nimelisikia kinywani mwake maisha yangu yote. Nikauliza tarehe ya kuzaliwa. Akanyamaza kidogo. "Tarehe sina. Ni mafuriko yale ya 61. Nyanya yako aliniambia maji yalikuwa yamefika kizingitini, na mkunga alibebwa mgongoni kuvushwa." Kwenye kitambulisho chake umeandikwa mwaka mwingine kabisa. Miaka tisa nimewauguza mama za watu, na wangu sikuwahi kumwuliza.

Tulifanya hivyo kila jioni kwa wiki mbili. Ikafika mahali akawa ananikosoa: "Leo hukuniuliza dawa inayonidhuru." Au, "Umeuliza haraka, kama askari." Niligundua kwamba ukianza kwa kueleza kwa nini unauliza, swali halina ukali. Mama ndiye aliyenifundisha hilo, sikulisoma popote.

Siku ya kurudia, kitandani alikuwa bibi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Nilinawa mikono, nikavuta kiti nikakaa usawa wa macho yake, nikamwambia kwamba nimekuja na dawa zake za mchana na kabla ya kumpa nataka kuhakikisha ni zake. Nikamwomba ataje jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa. Akavitaja bila haraka, siku, mwezi na mwaka. Nikamwuliza angependa nimwite nani, akaniambia. Nikamwuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru.

Kisha nikaomba ruhusa, nikaushika mkono wake, nikausoma mkanda kwa sauti, herufi kwa herufi, naye akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.