Zebaki ya Geita haiishii Geita

Kwa wanaochoma dhahabu kwenye mialo ya Geita, yaani sehemu za kuchenjulia, na wauza dhahabu mnaomalizia kuchoma dukani hapa Mwanza: zebaki inayotumika kunasa dhahabu huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Mwingine hutua jirani, mwingine hukaa angani miezi kadhaa, husafiri na upepo na kutua hata kwenye barafu za milimani. Barafu ikiyeyuka, zebaki hushuka na maji. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, aina yenye sumu kali, ambayo huongezeka kila samaki anapomla mwingine. Ndiyo maana sangara mkubwa huwa nayo nyingi kuliko dagaa.

Tumieni retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya majimaji. Kikombe, mfuniko na bomba viwe vya chuma kitupu. Shaba au bati lenye zinki hushikana na zebaki. Kamua donge la dhahabu na zebaki vizuri kwanza, paka majivu ndani ya kikombe dhahabu isigande, ziba ukingo kwa udongo laini. Bomba liinamie chini, lifungwe kitambaa kinacholowanishwa muda wote. Mdomo wake ukae juu kidogo ya maji, usizame! Moto ukipungua, maji hunyonywa hadi kwenye chuma cha moto na kikombe kinaweza kupasuka. Anza na moto mdogo. Gongagonga bomba matone yashuke. Usifungue kabla hakijapoa kabisa. Wenye haraka ndio huvuta mvuke wote waliokuwa wanaukwepa.