Kidevu Chini

Dada wetu wa kazi alipoondoka kwenda Lushoto kumzika mama yake, Aprili 2016, aliniachia chupa ya dawa za kifafa, kijiko kidogo cha plastiki na mto mwembamba. Akaanza kunielekeza. Nikamwambia awahi tu stendi, basi lisije likamwacha. Nimelala chumba kimoja na Kaka utoto wangu wote, kumlisha kutanishinda?

Tulikuwa tunakaa Ngamiani, Tanga. Kaka alikuwa na miaka 34. Ana mtindio wa ubongo, ubongo uliumia wakati anazaliwa. Watu humwona mikono na miguu tu ilivyokakamaa; hawajui kwamba kumeza nako ni kazi ya misuli, na ya kooni pia haimtii. Dada alikuja kwetu 2004 kufagia na kupika. Hakuna aliyemwomba amhudumie Kaka. Mama alipoanza kuumwa mgongo, Dada ndiye aliyemnyanyua Kaka, kesho yake akamwogesha, mwisho kazi yote ikawa yake. Mshahara tukauacha palepale, wa dada wa kazi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi ya kwanza nilimpa chai. Nikamwegemeza kitandani, nikamwinua kidevu ili ishuke vizuri. Funda la kwanza likapita. La pili akapaliwa. Akakohoa sana, halafu kikohozi kikakatika ghafla. Kimya kile ndicho kilichonitisha. Macho yamemtoka, midomo inabadilika rangi. Nikampigia Dada.

Akapokea, nyuma yake watu wanalia. Nilitamka jina la Kaka tu.

"Mkalishe. Muinamishe mbele, mshikilie kifua. Mpige mgongoni, katikati ya mabega."

Chai ikamtoka puani. Akavuta pumzi, ikakwaruza. Nikashukuru Mungu, nikadhani yamekwisha.

"Bado. Niwekee simu mdomoni kwake."

Nikaiweka. Kule Lushoto, siku ya mazishi ya mama yake mzazi, alikuwa anasikiliza pumzi za kaka yangu.

"Kuna maji kooni. Usimlaze. Acha akohoe mwenyewe."

Kaka akaitambua sauti. Akaguna ule mguno wake wa furaha, akaisogelea simu kwa shavu, na katika kuguna huko akakohoa.

"Haya, sasa safi," Dada akasema. "Leo chai basi. Mpikie uji mzito, usichuruzike kwenye kijiko. Kidevu chini, kama anatazama kifungo cha shati lake. Nusu kijiko. Tazama kikoromeo kipande juu, kishuke, ndipo umpe kingine. Akimaliza akae nusu saa. Nilitaka kukwambia jana, mdogo wangu."

Bakuli moja la uji lilinichukua karibu saa nzima. Mkono ulinitetemeka, na kila nilipoharakisha Kaka alifumba mdomo. Nikawa nahesabu kichwani: milo mitatu kwa siku, miaka kumi na miwili, na sijawahi kumsikia Dada akisema amechoka.

Aliaga siku mbili. Mvua zikaangusha mawe barabara ya Mombo, akarudi siku ya tano, jioni. Hakukaa. Hata ushungi hajavua, akaenda moja kwa moja kwa Kaka, akamgeuza ubavu, akamfunua shati. Kwenye nyonga palikuwa na wekundu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Mto ule mwembamba ulikuwa wa kuweka katikati ya magoti, na usiku alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Mimi nilikuwa nalala mpaka alfajiri.

Hakunilaumu. Alipanga mto, akanyoosha shuka lisiwe na mkunjo hata mmoja, akapitisha kiganja chini yake kuhakikisha. Kaka alikuwa anacheka muda wote huo, hana habari na mtu mwingine.

"Amekula?"

"Amekula."

"Kidevu chini?"

"Kidevu chini, Dada."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka uani kunawa. Nikamfuata na kata ya maji, nikawa nammiminia mikononi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijampa pole ya mama yake.