Kwa nini Prunus ni africana

Waongoza watalii wengi hapa Moshi huyakariri majina ya kisayansi ya miti ya Mlima Kilimanjaro, na swali linalorudi mara kwa mara ni kwa nini tunasema Prunus africana, ilhali nomino yenyewe ina kiishio -us, ambacho kila anayeanza Kilatini huambiwa kuwa ni cha kiume. Kivumishi cha Kilatini hakifuati mlio wa nomino. Hufuata jinsia yake, na Warumi waliyahesabu majina mengi ya miti kuwa ya kike hata yalipoishia na -us. Ndiyo maana mtarakwa nao ni Juniperus procera.

Sisi tusishangae. Kifaru kina umbo la ngeli ya KI-VI, lakini tunasema kifaru mkubwa, kwa kuwa uhai wake umelishinda umbo. Vivyo hivyo agricola, yaani mkulima, huishia na -a lakini ni wa kiume, na akiwa mwema huitwa agricola bonus.

Si vivumishi vyote vyenye maumbo matatu kama longus, longa, longum (-refu). Fortis (-enye nguvu) hutumika kwa mwanamume na kwa mwanamke pia, na forte hubaki kwa jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Kwa utaratibu huohuo tunapata Syzygium guineense, kwa kuwa Syzygium ni ya jinsia hiyo ya tatu. Felix (-enye furaha), katika umoja na nomino ikiwa kiima, ni umbo moja kwa jinsia zote tatu, na nequam (-ovu) haibadiliki kabisa, kama safi na hodari kwetu. Lakini deckenii katika Lobelia deckenii si kivumishi hata kidogo: ni nomino ya umilikishi, kumbukumbu ya Karl Klaus von der Decken, aliyejaribu kuupanda mlima huu mwaka 1861 na 1862, kwa hiyo haipatani na jinsia ya chochote.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye uhusika, kwa sababu kivumishi hubadilika pia kulingana na kazi ya nomino katika sentensi. Katika sub alta quercu, chini ya mwaloni mrefu, -a na -u hazifanani hata kidogo, ila maneno yote mawili ni ya kike, ya umoja na ya uhusika uleule, na upatanisho huo ndio uliowaruhusu washairi wa Kirumi kukiweka kivumishi mbali na nomino yake bila msomaji kupotea.