Siku moja na spana ya toki: sapoti 25, bolti 150

Ukimwambia mtu unajenga mtambo wa umeme, kichwani mwake zinakuja turbini, jenereta na transfoma kubwa kama nyumba. Kazi yangu ni kukagua na kurekebisha sapoti: vibao vya chuma, chaneli, mikono na bolti zinazobeba mabomba na trei za nyaya. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kupiga picha na sapoti. Ila mtambo wa gesi wenye mzunguko wa pili wa mvuke, wa aina ya ule wa Kinyerezi II, Dar es Salaam, wenye megawati 240, una bolti za namna hii kwa maelfu, na kila moja lazima iguswe kwa mkono kabla nyaya hazijalazwa juu yake. Mradi niliopo siutaji. Uko pwani, na joto la pwani mnalijua.

Saa 12:15 asubuhi

Foleni ya getini, kipimo cha pombe, kikao cha usalama, kibali cha kufanya kazi juu. Saa nzima inaishia hapo. Cha kuangalia ni kadi ya kijani kwenye ngazi ya jukwaa la kupandia kazini: kwetu, ikipita siku saba bila sahihi ya mkaguzi wa majukwaa, hakuna kupanda, hata kama jana ulipanda.

Saa 1:30

Kabla ya bolti kupimwa, spana yenyewe inapimwa. Natumia spana ya toki, yaani ya kupimia nguvu ya kuzungusha, inayolia "tik" ikifika kipimo, na leo kipimo ni nyutoni-mita 55 kwa bolti za M12, zenye unene wa milimita 12. Naifunga kwenye mashine ya majaribio mezani, naivuta mara tatu: 54, 55, 54. Spana ya aina hii inaruhusiwa kukosea asilimia 4 juu au chini, yaani kati ya 52.8 na 57.2, kwa hiyo imepita. Naangalia pia kibandiko chake. Ikifikisha miezi 12 au mivuto kama 5,000, chochote kitakachotangulia, inarudi maabara.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Ukivuta spana, sehemu kubwa ya nguvu yako inaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye uzi wake. Kinachobaki kuivuta bolti yenyewe ni kama sehemu moja katika kumi. Bolti kavu ya M12 ikikazwa kwa 55 inabana kwa kilonyutoni 23 hivi, sawa na uzito wa tani 2.3. Ipake oili, kaza kwa 55 ileile, itafika kilonyutoni 30. Spana italia "tik" ileile mara zote mbili. Ndiyo maana fundi mwenye huruma anayepaka grisi ili nati "iteleze vizuri" ananipa kazi, maana bolti za daraja la chini zinaweza kuvutika na kurefuka moja kwa moja bila mtu kujua.

Saa 2:15

Ukuta wa zege, njia ya trei za nyaya yenye urefu wa mita 36. Kuna sapoti kila mita 1.5, kwa hiyo jumla ni 25. Kila sapoti ina kibao kimoja chenye anka nne za M12 ndani ya zege, chaneli (chuma chenye umbo la U) iliyosimama, na mikono mitatu ya kubebea trei. Trei zimeshapandishwa, nyaya bado. Anka ziko 100, na hizo naanza nazo.

Anka ya kupanuka inashika kwa kusukuma kipande cha chuma kwenye kuta za tundu. Tundu likiwa na vumbi, inashika vumbi. Utaratibu wa tundu ni mfupi, ndiyo maana watu wanauruka: toboa kwa biti ya milimita 12, puliza, piga brashi, puliza tena, gonga anka hadi alama, kaza kwa 60. Biti ikigonga nondo, hulazimishi. Unahama angalau mara mbili ya kina cha tundu uliloliacha, au unalijaza kwanza kwa saruji ngumu isiyosinyaa kisha unauliza injinia unaruhusiwa kusogea karibu kiasi gani.

Kuirudia toki ya anka kesho yake ni kujitafutia ugomvi usio na sababu. Zege hulegea kidogo chini ya mgandamizo, na anka iliyokazwa 60 jana leo inaweza kuonyesha chini ya hapo bila kosa la mtu yeyote. Kipimo chenye maana ni kuvuta. Tunafuata kanuni ya Uingereza, BS 8539: anka moja katika kila 40, zisipungue tatu, kwa mara moja na nusu ya mzigo wa kazi. Mzigo wetu ni kilonyutoni 5, kwa hiyo navuta 7.5, nashikilia dakika moja huku jicho likiwa kwenye mshale. Moja ikishindwa, idadi inaongezeka hadi asilimia 5 na zisipungue sita. Ya pili ikishindwa, zinavutwa zote. Miguu ya mashine ya kuvutia lazima ikae mbali na anka, la sivyo unaligandamiza zege lilelile unalotaka kulijaribu.

Wanaoona haya ni usumbufu wa mradi mmoja wakumbuke Machi 1979, wakati wasimamizi wa nyuklia wa Marekani walipotoa taarifa namba 79-02 na kuvitaka vituo vya nyuklia virudi kukagua vibao vya sapoti za mabomba vilivyofungwa kwa anka za aina hii.

Leo nimevuta tatu, zote zimesimama. Chai, mihogo, na jasho la kwanza la siku.

Saa 5:00

Mabomba ya mvuke. Huku kosa ni kinyume, watu wanakaza mno. Bomba la chuma la mita 20 likipanda kutoka nyuzi 30 hadi 170 linarefuka milimita 33 au 34, na lazima lipate pa kwenda. Yu-bolti ya mwongozo, ile yenye umbo la U inayozunguka bomba, inatakiwa iache nafasi ndogo kila upande, milimita 1.5 kwenye mchoro wetu, na nati zake zifungane zenyewe kwa zenyewe, mbili mbili, bila kulibana bomba. Fundi akiona nati "inacheza" anaikaza kwa roho safi, na siku mvuke ukiingia bomba linasukuma sapoti nzima. Yu-bolti 16 nimezipitisha kipimo cha nafasi, tano zimekabwa. Nimelegeza, nimepima, nimefunga nati ya pili. Nusu saa tu, hakuna maneno.

Wali maharage saa 7.

Saa 7:45 na kuendelea

Sasa mikono ya trei. Kila mkono umefungwa kwenye chaneli kwa bolti mbili, kwa hiyo sapoti 25 zina bolti 150. Chaneli ni ile ya kawaida yenye upana wa milimita 41 na bati la 2.5, mdomo wake una milimita 22, na kingo za mdomo zimekunjwa kuelekea ndani. Nati yake ni ya mstatili na ina mifereji miwili yenye meno. Unaiingiza kwa upande wake mwembamba, unaizungusha robo mzunguko, meno yanang'ata zile kingo. Nati isipomaliza hiyo robo, meno yanakaa kimshazari, yanashika kwa ncha tu. Spana italia. Mzigo ukija na mtikisiko ukija, nati inarudi ilikotoka.

Kwa hiyo siangalii spana peke yake. Tochi, kioo kidogo cha mkononi kama cha daktari wa meno, kichwa ubavuni mwa chaneli: je, ncha mbili za nati zimekaa sawasawa chini ya kingo zote mbili? Kwenye sapoti 18 za kwanza, bolti 108, nimekuta nati 11 zimelala kimshazari. Sababu zinajirudia. Tone la zinki lililoganda kwenye ukingo wakati chuma kinachovywa zinki ya kuzuia kutu. Nati yenye springi fupi, ya chaneli ya kina kifupi, imewekwa kwenye chaneli ya kina kirefu, haifiki kukaa vizuri. Au fundi mmoja kashika mkono wenye uzito kwa kushoto, anakaza kwa kulia, hana jicho la tatu la kuangalia nati. Dawa ni moja: fungua, piga tupa ukingo, gusia rangi ya zinki, weka nati mpya. Ile iliyong'ata vibaya meno yake yameshalala, hairudishwi.

Ukaguzi ungeishia hapo ningeshuka saa 9. Lakini sapoti ya 19 mkono wake ulicheza.

Ulicheza kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Nikavuta spana: tik. Nikaushika tena, ukacheza. Foroman wa genge alikuwa chini ananitazama.

"Mkuu, imelia. Unataka ilie nini tena?"

Nikatoa fila, yale majani membamba ya chuma ambayo mafundi magari hupimia valvu, nikaingiza jani la milimita 0.1 kati ya mkono na chaneli. Likapita kama karatasi chini ya mlango. Nikamwita apande alipitishe mwenyewe. Akalipitisha, akanyamaza.

Hesabu yake ni hii. Kuanzia sapoti ya 19 hadi ya 25 ukuta una nguzo ya chuma karibu, kwa hiyo mchoro umetumia chaneli ya kina cha milimita 21 badala ya 41. Toa bati la mgongo, 2.5, zinabaki 18.5 za ndani. Bolti iliyotumika ni ya urefu wa 30. Bati la mkono linakula 6, washa inakula 2.5, zinazoingia ndani ni 21.5. Hazitoshei. Ncha ya bolti inagonga mgongo wa chaneli kabla mkono haujabanwa, na kuanzia hapo kila unachokaza kinausukuma mgongo. Toki ni ya kweli kabisa, 55 kamili, ila haibani kitu. Bolti sahihi ni ya 25: inaingia 16.5, inabakiza milimita mbili.

Jedwali la mchoro lilikuwa na urefu wa aina mbili. Karatasi ya kutolea vifaa stoo ikaziunganisha kwenye mstari mmoja, "M12, bolti 150", zikatoka kwenye ndoo moja. Fundi kafunga alichopewa, na mimi fundi simlaumu. Aliyeandika mstari ule yuko ofisini, kwenye kiyoyozi.

Sapoti saba mara bolti sita ni 42. Stoo ikasema za 25 zipo 30 tu.

Hapo ndipo mchana ulipogeuka mrefu. Juu yetu bati, chini yetu genge la kuvuta nyaya limeshaleta magurudumu ya kebo na linauliza kila dakika kumi. Kila bolti ni dakika nne kwa watu wawili: funga trei kwa mkanda wa kuinulia ili mkono usidondoke, fungua bolti moja, angalia mgongo wa chaneli. Nyuma ya kila bolti palikuwa na kidoa kinachong'aa mahali ncha iliposukuma na zinki kuchubuka, na kwenye hewa ya chumvi kidoa hicho ndiko kutu inakoanzia. Kisugue, kipake, weka bolti fupi, weka washa ya mraba pale tundu la mkono lilipo refu, zungusha nati, ihakikishe kwa kioo, kaza, jaribu fila. Jani likikataa kuingia, piga mstari wa njano kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bati, ili ikisogea siku yoyote mtu auone mstari umekatika. Kisha nenda ya pili. Baada ya ishirini hivi, mkono wa kuvuta spana unaanza kudanganya. Unavuta kwa mshtuko badala ya polepole, na spana ikivutwa kwa mshtuko inapitiliza. Tukawa tunabadilishana kila sapoti moja.

Mkuu wa genge la nyaya akaleta ushauri: "Kaka, zikateni zile za 30 kwa grainda, tumalize." Ukikata unaacha ncha isiyo na zinki na uzi wenye kucha, na nati inaingia kwa kusaga. Wa pili akasema tuongeze washa mbili. Huyo kihesabu yuko sahihi: washa mbili za 2.5 zinakula milimita tano, na bolti ya 30 inaingia 16.5 vilevile. Ila mchoro hauna washa tatu, na sahihi inayokwenda pale chini ni yangu, si ya hesabu. Nikampelekea injinia swali kwa maandishi. Hadi tunashuka hakuwa amejibu.

Saa ngapi ilikuwa sikumbuki vizuri, jua lilikuwa limeshahamia upande wa bahari. Bolti 30 zimeisha: sapoti ya 19, 20, 21, 22, 23. Ya 24 na ya 25 nimezifunga utepe mwekundu na kadi ya "usipakie". Genge la nyaya likasema basi livute hadi ya 23. Nikakataa na hilo, kwa sababu kebo ikivutwa ncha yake inapanda kwenye trei ya mbele hata usipotaka.

Chini, fomu: sapoti 25, zilizopita 23, zilizobaki wazi 2, bolti 12 za M12×25 zinasubiriwa, swali moja kwa injinia. Nimefuta spana, nimeirudisha kwenye kipimo chake cha chini kabisa ili springi isilale imebanwa usiku kucha, nimeifunga sandukuni. Stoo wamesema bolti zitafika kesho saa 4. Nimemwambia stoo aniandikie na urefu.